Sijambo ya Sekunde Nne

Ukumbi wa Halmashauri ya Mji wa Tandamka ulicheka. Hakikuwa kicheko cha furaha. Kilikuwa kile kicheko cha watu walioingia mahali wakiogopa kulaumiwa, kisha wakaoneshwa mwingine wa kubeba lawama.

Bi. Saumu Kitundu, mkaguzi kutoka Tume ya Watoto, alikuwa amefika ukurasa wa sitini na mbili wa ripoti yake. Tangu asubuhi alikuwa akisoma kwa sauti ileile isiyopanda wala kushuka: watoto elfu moja mia moja na arobaini walio kwenye orodha ya uangalizi, afisa mmoja wa kuwaendea, na gari la idara ya ustawi wa jamii lililowekwa juu ya mawe kwa sababu betri yake ilihamishiwa ofisi ya Mkurugenzi. Kutoka taa ya njano ya tahadhari kuwaka ofisini hadi mtu kumfikia mtoto, ilichukua wastani wa siku arobaini na moja. Madiwani walisikiliza wakichezea kalamu zao. Hapo ndipo alipofika kwenye ile sentensi.

"Naisoma kama ilivyo kwenye kumbukumbu za mtambo," alisema. "'Mtoto ameitikia sijambo. Hakuna tatizo.' Kisha taa imezimwa."

Ndipo wakacheka.

"Hiyo ndiyo mashine sasa," alisema diwani mmoja wa mstari wa mbele. "Mswahili gani asiyejua kwamba sijambo si jibu? Mtu kafiwa, unamuuliza hujambo, anakwambia sijambo. Habari za nyumbani? Nzuri. Ndipo akwambie baba kafariki jana."

"Hata aliyetundikiwa dripu anasema hajambo," mwingine alidakia.

Bi. Saumu alisubiri wanyamaze, akaendelea. "Siku kumi na mbili baadaye, mtoto huyo, Siwema, mwenye umri wa miaka tisa, alifikishwa hospitalini na mwalimu wake. Mkono wa kushoto ulikuwa umeungua kwa uji na umeoza ndani ya kitambaa. Amekatwa vidole viwili."

Kicheko kilikatika. Watu wote waligeuka kukitazama kijisanduku kilichowekwa juu ya meza ya mbele, cheupe, saizi ya kipande cha sabuni ya kufulia, kilicholetwa pale na kuwashwa ili waheshimiwa waone kitu kinachozungumziwa. Nyuma yake, ukutani, lilining'inia bango la taa lililoletwa kutoka ofisini. Wakakitazama kama anavyotazamwa mbwa aliyekula kuku wa jirani.

Katika mstari wa tatu, Aurelia Shemhilu, yule afisa mmoja aliyetajwa na ripoti, naye alikuwa amecheka. Alicheka kwa midomo tu, kwa sababu asiyecheka angeonekana. Sentensi ile haikuandikwa na mashine. Aliiandika yeye.

*

Watoto wa Tandamka walikiita kile kijisanduku Shangazi.

Halmashauri ilikuwa imekipa jina refu la kiserikali, lakini nani ana muda na majina ya serikali? Kilitundikwa ndani ya kila nyumba yenye mtoto wa orodha, na kila asubuhi kabla ya shule kilimsalimu: hujambo, fulani? Mtoto aliitikia sijambo, akachukua begi, akaenda. Basi. Kazi yenyewe ilikuwa ndani ya ile nafasi ndogo kati ya salamu na itikio. Kijisanduku kilijua kila mtoto huchukua muda gani kuitikia akiwa mzima, nusu sekunde au pungufu, na kilijua pumzi yake inavyokwenda. Muda ukirefuka kupita kawaida ya mtoto huyo, taa ya njano iliwaka ofisini, na chini yake maneno machache: jina, sekunde, na neno moja la amri, *Aendewe*.

Jina la Shangazi lilikuwa la Aurelia kabla halijawa la mtu mwingine yeyote. Kwa miaka kumi na mmoja alipanda na kushuka vilima vile kwa miguu, na watoto walimkimbilia njiani wakiimba Shangazi kaja, Shangazi kaja. Kisha wakaja wahandisi. Walimfuata miezi minane, wamempachika kinasa sauti kwenye ukosi wa blauzi, wakitaka kujua anajuaje. Maana Aurelia alikuwa na sifa ya kujua. Angeingia nyumba kumi zenye watoto kumi wanaosema sijambo, na akitoka angekwambia ni yupi asiyelala kwa njaa.

Naye, masikini, aliwaambia. Hakuna aliyewahi kumuuliza kazi yake inafanywaje, na swali lile lilimlevya.

"Usisikilize jibu," aliwaambia. "Jibu ni adabu, kila mtoto kafundishwa na bibi yake. Sikiliza kabla ya jibu. Halafu akishasema sijambo, nyamaza. Usimsaidie. Mwenye neno moyoni atasema 'ila', na hiyo 'ila' ndiyo iliyokupeleka pale."

Wahandisi walifurahi mno. Walikifundisha kijisanduku kusikiliza kabla, kikafundishwa kunyamaza baada. Walikipa hata kikohozi kidogo cha Aurelia, anachokohoa anapokaribia kusalimu. Halmashauri ikampa Aurelia cheti chenye fremu, na mwaka uleule ikawahamishia wenzake wanane idara za masoko na misitu, kwa hoja kwamba kazi yao sasa inafanywa na mitambo. Aurelia alibakizwa ofisini mbele ya bango. Kazi yake ikawa kuzima taa. Ikipita siku kumi na nne bila kuzimwa, taa ilihesabiwa dhidi ya Halmashauri huko mkoani, kwa hiyo Mkurugenzi alipenda zizimwe. Ikishazimwa, haikuwaka tena kwa mtoto huyo mpaka mwezi upite. Sababu iliyoandikwa ilibaki kwenye kumbukumbu. Jina la aliyezima halikubaki. Na kwa kuwa mashine nayo iliruhusiwa kujizimia taa, mtu wa nje asingeweza kujua ni mkono wa nani.

Hayo yote angeyavumilia. Watu wamevumilia mabaya zaidi kazini. Kilichomshinda ni jina. Watoto sasa walimwita Mama Ustawi, kwa heshima, mikono ikiwa nyuma. Kumsikia mtoto akisema Shangazi huku akikitazama kile kipande cha sabuni kulimchoma kama mke aliyeletewa mwenza bila kuulizwa, mwenza mwenyewe kavaa khanga zake. Alikionea wivu. Alijua ni ujinga kukionea wivu kitu kisicho na tumbo wala mama, na kujua hakukumsaidia.

*

Wiki ya Siwema ilianza Jumatatu.

Siwema hakuwa jina tu kwenye orodha. Mama yake alipofariki, Aurelia ndiye aliyembeba mgongoni, mtoto wa miaka minne, hadi kwa mjomba wake juu Kwemsanga. Na katika watoto wote wa Tandamka, wa kwanza kumwita Shangazi alikuwa yeye, akiwa pale pale mgongoni.

Jumatatu hiyo Aurelia alipanda Kwemsanga kwa shughuli nyingine, akamkuta Siwema bombani akikinga maji.

"Shikamoo Mama Ustawi."

"Marahaba, mama. Hujambo?"

"Sijambo."

Jibu lilitoka upesi. Aurelia alinyamaza, kama alivyozoea. Maji yalijaa ndoo yakaanza kumwagika.

"Shule wanasemaje?" aliuliza mwishowe, na tayari alikuwa amevunja kanuni yake mwenyewe.

"Nimeshamwambia Shangazi," alisema Siwema. Akaelekeza mdomo kule nyumbani, akajitwisha ndoo, akaenda zake.

Hakukuwa na ubaya katika maneno yale. Mtoto alikuwa ameeleza mambo yake mara moja na hakuona haja ya kurudia. Lakini Aurelia alishuka kilima chote bila kusalimiana na watu, na usiku hakulala vizuri.

Alhamisi Aurelia akaifikia taa iliyokuwa ikiwaka tangu Jumanne. *Siwema. Ameitikia sijambo. Sekunde nne. Aendewe.* Juu ya maneno hayo ziliorodheshwa Jumanne, sekunde mbili, na Jumatano, sekunde tatu.

Siku ile bango lilikuwa na taa thelathini na tisa nyingine, na gari lilikuwa juu ya mawe, na mtu angetaka kumtetea Aurelia asingekosa la kusema. Alikuwa amechoka. Alikuwa peke yake. Lakini yeye mwenyewe alijua kilichopita moyoni mwake alipolisoma jina lile. Alijua kwamba kwa taa hii angepanda hata kwa magoti. Kilichopita moyoni kilikuwa hiki: *Si ameshakwambia wewe? Si wewe ndiye Shangazi? Basi nenda mwenyewe.*

Akaandika, kwa kidole kimoja kimoja, sentensi ambayo ingemfanya amfukuze mafunzoni mwanafunzi yeyote wa ustawi wa jamii. Mtoto ameitikia sijambo. Hakuna tatizo. Taa ikazimika, na kwa nukta chache alijisikia vizuri.

*

"Nitaeleza wazi ili tusije tukalaumiana baadaye," Bi. Saumu aliuambia ukumbi kabla ya kikao kuahirishwa kwa chakula. "Tume ikithibitisha kwamba kosa ni la mtambo, mitambo yote inazimwa leo jioni, na sheria inaibana Halmashauri kuajiri maafisa ishirini. Ikiwa ni kosa la mtumishi, mitambo inabaki, na mtumishi anachukuliwa hatua. Tutaamua saa nane."

Mwenyekiti wa Halmashauri, Mheshimiwa Ntandu, alimshika Aurelia mkono mlangoni. Alikuwa mtu mchangamfu aliyependa habari nzuri zipitie kwake.

"Bi. Aurelia, jiandae. Maafisa ishirini, na wewe ndiye mkuu wao. Mimi siku zote nilisema, chombo hakiwezi kulea mtoto."

"Ulisaini wewe kununuliwa kwake, Mheshimiwa."

"Nilisaini nikiwa na mashaka," alisema Mwenyekiti, na akaenda kula.

Maafisa ishirini. Aurelia alitembea kuelekea hospitali akiihesabu ile ishirini. Ishirini wangefika Kwemsanga. Ishirini wangeingia ndani ya kila nyumba, si kuzima taa wakiwa vitini. Watoto wangepata watu. Na alichotakiwa kufanya ili wapatikane kilikuwa kukaa kimya, jambo ambalo alisifiwa kwalo na wahandisi. Angesema kweli, nani angefaidi? Halmashauri ingemtoa yeye kafara, ingebaki na vijisanduku vyake na gari lake juu ya mawe, na Mkurugenzi angeendelea kuwashia taa zake kwa betri ya watoto. Hoja ilikuwa nzuri. Iliisha vizuri mno, na ndani yake, chini kabisa, alikiona kile kijisanduku kikitupwa kwenye pipa, na moyo ukamchezacheza kwa raha. Hilo ndilo lililomtia shaka na hoja nzima.

Wodi ya watoto ilikuwa tulivu. Siwema alikuwa ameketi kitandani, mkono umefungwa bandeji kubwa. Kijisanduku chake kilitundikwa kwenye chuma cha kitanda. Mwalimu alikuwa amekileta kutoka Kwemsanga kwa kuwa mtoto alikiulizia.

"Shikamoo Mama Ustawi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

Papo hapo, bila hata nusu sekunde. Sijambo safi anayopewa mgeni. Aurelia alivuta kiti akanyamaza. Alihesabu sekunde kumi, akahesabu ishirini. Siwema alimtazama kwa adabu, akisubiri mgeni aseme kilichomleta. Haikuja 'ila' yoyote.

"Nimekuletea machungwa," alisema Aurelia. "Nitamwomba nesi kisu."

Akaenda nyuma ya pazia lililogawa wodi, ambako nesi hakuwepo. Akiwa bado amesimama pale na machungwa yake, alisikia kikohozi kidogo, kikohozi chake mwenyewe.

"Hujambo, Siwema?"

Kimya. Aurelia alihesabu bila kutaka. Moja, mbili, tatu.

"Sijambo."

Kijisanduku kilinyamaza. Hakikumsaidia.

"Ila vidole vinawasha," alisema Siwema. "Vile ambavyo havipo. Nataka kuvikuna."

"Pole. Vinawasha sana?"

"Usiku." Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Shangazi, mbona hukuja?"

"Mimi siwezi kutembea, Siwema. Niliita. Niliita Jumanne, nikaita Jumatano, nikaita Alhamisi."

"Ulimwita nani?"

"Niliita ofisi."

"Ofisi ni nani?"

"Sijui jina lake," kilisema kijisanduku.

Nyuma ya pazia Aurelia alisimama wima kabisa. Wivu ulimpanda hata hapo, na aliuona ulivyo: yeye kapewa sijambo, na kile kimepewa 'ila'. Kila alichomiliki katika kazi ile kilikuwa upande wa pili wa pazia, kikifanywa vizuri, bila yeye. Na aliyeitwa mara tatu akakataa kwenda hakuwa chombo.

Aliacha machungwa juu ya meza ya nesi, akatoka kwa mlango wa nyuma.

*

Saa nane kamili Mheshimiwa Ntandu aliwataka wanaokubali mitambo izimwe wainue mikono. Mikono ilianza kupanda.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," alisema Aurelia, akiwa amesimama. "Ile sentensi ni yangu."

"Subiri kidogo, Bi. Aurelia, tunapiga kura."

"Ya ukurasa wa sitini na mbili. 'Mtoto ameitikia sijambo.' Mashine haikuiandika, nimeiandika mimi. Mashine ilisema mtoto aendewe. Ilisema siku tatu mfululizo."

Mikono ilibaki hewani, mingine nusu, wenye mikono wasijue waishushe au waipandishe. Bi. Saumu alichukua kalamu.

"Kwa nini uliandika hivyo?" aliuliza. "Nimesoma mafaili yako ya zamani, Bi. Aurelia. Wewe hukuwa mtu wa kuandika hivyo."

Jibu la taa thelathini na tisa lilikuwa pale. Jibu la gari lilikuwa pale. Yote mawili yalikuwa kweli.

"Wivu," alisema Aurelia.

Hakuna aliyecheka safari hii.

"Nilikionea wivu kile pale. Watoto walikipa jina langu. Wahandisi walikipa kazi yangu, na wakakipa hata kikohozi changu. Siwema aliniambia habari zake ameshakiambia chenyewe, na taa yake ilipowaka nikasema basi, kiende chenyewe. Najua hakina miguu. Ndiyo maana nilisema. Na wivu ninao hadi sasa. Nimetoka hospitali na bado ninao. Nikitoka hapa narudi kumwambia mtoto ofisi ni nani."

"Basi mambo yamenyooka," alisema Mkurugenzi, aliyekuwa kimya siku nzima. Alikuwa ameshaona njia. "Kosa ni la mtumishi. Mitambo ni mizima, idara ni nzima. Bi. Mkaguzi, nadhani unaweza kuandika hivyo."

"Andika na hili," Aurelia alimwambia Bi. Saumu, bila kumtazama Mkurugenzi. "Tulikuwa tisa. Angekuwepo wa pili tu, taa ile angeiona mtu asiye na wivu. Chombo kimefundishwa kuita, hakikufundishwa kwenda. Halmashauri ilinunua wito, ikawafukuza waitikiaji. Yangu ni yangu, nitayajibu. Hayo ya wanane waliokwenda kuhesabu magunia sokoni si yangu."

Bi. Saumu aliandika kwa muda mrefu. Alipomaliza alifunga faili, akaondoa miwani, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake ikashuka kidogo. Pengine aliona uso wa mwanamke aliyesimama mbele yake umebadilika rangi. Pengine ilikuwa desturi tu, maana huwezi kumvua mtu nguo mbele za watu kisha ukaondoka bila hata neno.

"Bi. Aurelia," alisema. "Hujambo lakini?"

Aurelia alifungua mdomo. Neno lilikuwa pale pale linapokaa siku zote, tayari. Halikutoka. Aliitazama meza, akaitazama mikono yake, akamfikiria mtoto anayetaka kukuna vidole visivyokuwepo.

"Sijambo," alisema.

Ukutani, kwenye lile bango lililowashwa asubuhi kwa ajili ya maonesho na kusahauliwa, taa moja ya njano iliwaka. Vichwa viligeuka. Kijisanduku mezani kilikuwa kimesikia sauti kiliyoijua kuliko sauti nyingine yoyote, sauti iliyokifundisha, na kwa kuwa haikuwa kwenye orodha, kiliandika kilivyoweza.

*Mtoto asiye na namba. Ameitikia sijambo. Sekunde nne. Aendewe.*

Bi. Saumu alisoma maneno yale mara mbili, kisha akamgeukia Mkurugenzi.

"Nani anakwenda?" aliuliza.

Mkurugenzi, kwa mazoea, alimtazama Aurelia.